Klavye (kibodi) yangu ilikuwa inajibadilisha yenyewe, fundi wa Nyawera ameitengeneza kwa dola 3

Acha niandike hii haraka mbele ya kura (umeme) kwenda. Nyinyi benye munapiga mashini (kompyuta) hapa Bukavu, iko siku utaandika "amani" na ku ekra utaona "q,qni". Mimi ilinifikia mwezi uliopita na ilinitesa wiki mbili nzima, ndiyo maana nataka kusema juu ya huyu fundi, mazuri yake na mabaya yake.

Niko na sekretaria ndogo Kadutu, napigia banafunzi ba univerisite TFC na memware (kazi zao za kumaliza masomo). Mashini yangu ilitoka Dubai, klavye yake ni QWERTY (herufi zimepangwa kwa namna ya Kiingereza), lakini Windows yenye iko ndani ni ya Kifaransa kwa hiyo ilikuja na AZERTY yake (mupango wa Kifaransa), mimi nikaongeza ile ya Kiingereza ili herufi zifuate zile zenye zimechorwa ku tushe (vibonyezo), na miaka miwili mambo yalitembea bila shida. Kisha ikaanza. Niko katikati ya sentensi, kichwa kimeinama ku karatasi ya mwanafunzi (munajua mwandiko wao, ukiondoa macho kidogo tu umepoteza mustari), nikiinua macho naona Bukavu imekuwa "Bukqvu", kwa imekuwa "kzq", namba zote zimegeuka é na & na ç. Ile M ndiyo ilinichokesha zaidi, unabonyeza M inakutolea mkato, M yenyewe imeenda kujificha pembeni ya L. Nafuta, naandika tena, dakika kumi haziishi inarudia.

Halafu muchana moja mashini ikajifunga, naandika kode yangu (neno la siri), inakatala, mara ya pili, mara ya tatu, na mwanafunzi amesimama nyuma yangu, depo yake (kupeleka kazi) ni saa kumi, anapumua tu. Kode yangu iko na A mbili na M, na pale huoni herufi, unaona tu vitone.

Duka la kwanza sitalitaja, na tafazali musiniulize. Kijana wa pale aliangalia dakika moja akasema "mama, hii klavye imekufa, tubadilishe, dola 25". Nikamuuliza imekufa namna gani na kila tushe inatoa kitu, akasema iliingia maji. Maji gani? Nikafunga mashini yangu mu kitenge nikatoka.

Njo mama mumoja mwenye kuuza krediti akanielekeza Nyawera. Ni chumba kadogo, meza moja, kiti kimoja na mwenye amekalia ni fundi mwenyewe, kwa hiyo wewe utasimama. Grupu (jenereta) ya jirani inapiga kelele pale pale ku mulango. Nilingoja karibu masaa mawili juu mbele yangu kulikuwa batu batano na pale hakuna mambo ya nani alitangulia, mwenye sauti kubwa ndiye anapita. Kwa hiyo nyota moja ilienda hapo hapo.

Lakini zamu yangu ilipofika, huyu kijana hakushika hata turnevisi. Aliniambia: "Mama, andika kidogo nione vidole." Nilishangaa kidogo, fundi anaangalia vidole sawa muganga! Nikaandika mustari wa Kifaransa. Sasa mimi é naitoaka na Alt 130 (unashikilia Alt, unaandika namba), è na Alt 138, à na Alt 133, É kubwa Alt 144, hizo namba ziko mu kichwa changu kuliko namba za simu za batoto bangu. Akacheka, akasema ni hapo. Kidole cha kushoto kinakaa ku Alt kinangoja, kingine kinakimbia ku Shift kutafuta herufi kubwa, na Alt na Shift ya kushoto vikibonyezwa pamoja kisha vikaachwa, Windows inaelewa kwamba umeomba klavye ingine. Haiulizi, inaruka tu. Iko pia tushe ya Windows na espase (ile ndefu ya chini), inafanya vile vile, lakini ile mutu haigusi kwa bahati mbaya.

Akaingia mu parametre, fasi ya saa na luga, akashuka mupaka ku mambo ya ndani ya klavye, pale penye kuna tushe za kubadilisha luga, ile ya Alt na Shift akaiondoa kabisa. Akaona tena kisanduku chenye kinaachia kila programu kushika klavye yake, kilikuwa kimewekwa alama, na hapo nikaelewa juu ya nini Word ilikuwa inaandika vizuri na WhatsApp ya ku mashini inaandika takataka saa ile ile. Akanionyesha pia ku kona ya chini kuume, kuna herufi tatu, FRA ao ENG, hata pale penye unaandika kode ziko. Miaka miwili sijawahi kuziangalia. Dakika kumi, dola 3, na alinifanyisha nirudilie mwenyewe njia yote mbele ya kunirudishia mashini.

Siku tatu, salama. Ya ine, ikarudi.

Nilimurudilia na hasira, nawaambia ukweli, nilikuwa nimetayarisha maneno njiani. Akasema nifungue ile kazi yenye ilikuwa inasumbua. Ilikuwa memware, mwisho wake kuna rezime ya Kifaransa na ingine ya Kiingereza, nikibonyeza ku rezime kona inaandika FRA, nikishuka ku ya Kiingereza inaandika ENG, bila mimi kugusa kitu. Kumbe ni Word yenyewe! Iko na kisanduku mu opsyo zake za ndani, chenye kinaamuru klavye ifuate luga ya maandishi penye umesimama. Akakitoa. Kisha akaona afazali amalize mambo: akaacha klavye moja tu, akaondoa AZERTY na ile ya Kiingereza, akaweka Etats-Unis international (QWERTY ya Amerika yenye inatoa pia é na è) chini ya Kifaransa, na akaikopia mupaka ku ukurasa wa kode. Hakuna tena fasi ya kurukia. Hakunilipisha hata franga moja.

Na hii klavye mupya ni tamu: é ni Alt ya kuume na E, basi, è na à unaanza na ile alama ya kando ya 1, na Alt 130 yangu ya miaka yote nimeizika. Lakini kuna kitu kimoja hakuniambia na kilinikula makaratasi. Apostrofi pale haitoki yenyewe, inangoja herufi yenye inafuata, ikiwa ni vokali inaikalia juu. Nikaprinta kurasa makumi ine bila kusoma vizuri, "d'abord" imekuwa "dábord", "c'est" imekuwa "cést", na ku ukurasa wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa, L'ISP (shule kubwa ya balimu) imekuwa LÍSP. Hata ng'ombe alipata taji, "ngómbe". Nilipomupigia akasema "aa mama, nilisahau, bonyeza apostrofi, kiisha espase". Ulisahau! Makaratasi nililipa mimi.

Basi namuachia nyota ine, ile ya kelele na kusimama siirudishi. Ukienda, fika asubui mbele ya saa tatu, batu bangali bachache, na ubebe sharije yako, zake zote zinakuwaka ku mashini za batu.