Seti ya kuchapa lino kwa mkono: kisu safi, wino unaudhi

Mimi ni mtu wa maumbo tu, miraba, pembetatu, nusu duara, basi, kwahiyo hii rivyuu naiandika kwa jicho hilo, ukitaka kujua kama seti inafaa kuchonga sura ya mtu itabidi umuulize mwingine.

Ndani ya boksi kuna kisu cha ncha za kubadilisha, rola ya mpira, vipande vya lino (tandiko unalochonga umbo, unalipaka wino afu unaligandamizia karatasi), tyubu za wino wa maji na kile kidude cha duara cha kusugulia karatasi, bareni. Kisu kiko poa sana. Ile ncha nyembamba ya V ni kali kweli, ukitangulia na wembe kwenye rula ya chuma afu ndo ukaifuatisha hiyo V, ukingo unatoka umenyooka mpaka raha. Na lino yenyewe wameweka ile ngumu ya kijivu, ya mafuta ya kitani na unga wa koki (ile ya vizibo vya chupa), aliyoivumbua Frederick Walton kule Uingereza miaka ya 1860 watu watandike sakafuni (wasanii walikuja kuidandia baadae). Nashukuru sio zile laini za mpira, maana zile ukikandamiza kona inabonyea na mraba wako unakua kitu kingine kabisa. Hii ngumu ikigoma ipashe joto kidogo tu, inalegea.

Sasa wino. Jamani huo wino! Unakaukia kwenye rola hata hujamaliza kupaka, na kwenye umbo kubwa la rangi moja unaacha vitone vyeupe kama mtu kamwagia chumvi. Nikatafuta wa mafuta unaooshwa kwa sabuni, unachelewa sana kukauka ila rangi inakaa imeshiba. Pia hawajaweka ule wino usio na rangi wa kuchanganyia, na hapo wamekunyima utamu wenyewe, maana nyekundu ukiipunguza nguvu ukaipitisha juu ya njano iliyokauka, pale zinapokutana unapata umbo la tatu la chungwa ambalo hukulichonga popote.

Bareni weka kando, mgongo wa kijiko cha mbao unaishinda mbali. Unasugua, unainua kona ya karatasi kuchungulia, pakipungua unarudi palepale. Nikipaka akriliki kwenye kanvasi natumia masking tepu, napitisha kwanza rangi ya chini kwenye ukingo wa tepu ili rangi ya juu isipenye, na mstari unatoka safi mpaka unakua baridi, ila kijiko hakikupi huo usafi, kinakupa ukingo unaopumua. Mchoraji Josef Albers, picha zake za miraba ya kuanzia 1950 mpaka anafariki 1976 alikua anatandaza rangi kwa kisu, moja kwa moja toka kwenye tyubu, ukisogea karibu unaona kingo zimetetemeka kidogo, na ndio maana hazichoshi macho.

Kikaratasi cha maelekezo ni hovyo. Hakisemi kwamba picha inatoka imegeuka, na kwa maumbo hilo sio dogo, pembetatu uliyoiegemeza kulia ikihamia kushoto mizani yote inavurugika. Wala hakigusii namna ya kulenga rangi ya pili ikae sawa juu ya ya kwanza, gundisha tu kona ya kadibodi ngumu ubaoni, bloku (kile kipande cha lino ulichochonga) na karatasi viegemee hapo kila mara.

Nyota tatu na nusu. Wakiiuza bila wino naichukua nyingine.