Fonti za serifu zenye nyuzi nyembamba: ipi ya kitabu, ipi ibaki kwenye jalada

Malalamiko ya wachapishaji wadogo hayabadiliki. Fonti ilipendeza kwenye kompyuta, kitabu kikarudi kutoka kiwandani herufi zimekatikakatika, "e" imepoteza kile kimstari cha kati na kusomeka "c". Lawama zote anatupiwa fundi wa mashine, wakati kosa lilishafanyika siku ya kununua fonti.

Kwa hiyo umaridadi wa fonti za serifu, zile zenye vijimkia kwenye ncha za herufi, sitauzungumzia, macho unayo. Nakagua jambo moja: fonti hii imechorwa upya kwa saizi ndogo, au ni mchoro wa kichwa cha habari uliopunguzwa tu?

Ukoo wa fonti za Didot na Bodoni, uliozaliwa Paris na Parma mwishoni mwa karne ya 18, una mihimili (mistari mizito ya herufi) minene na nyuzi (mistari inayoiunganisha) nyembamba mno. Tuseme uzi ni sehemu 20 kati ya 1000 za saizi ya fonti. Kwenye pointi 72, yaani inchi moja, huo ni karibu nusu milimita, hauna tatizo. Ushushe hadi pointi 10, unabaki pointi 0.2, yaani milimita 0.07. Printa ya leza ya nukta 600 kwa inchi ina nukta yenye upana wa pointi 0.12, hivyo uzi unaangukia kati ya nukta moja na mbili: herufi hii inapewa moja, jirani yake mbili, na ukurasa unaonekana una madoa. Kwenye skrini, herufi za piseli 16 zinapata uzi wa theluthi ya piseli, ambao hutoka kijivu hafifu. Ofseti, uchapaji wa kiwandani kwa mabamba, huumudu kwenye bamba, lakini karatasi ikiwa ya kukwaruza, wino haushiki sawasawa. Maandishi meupe juu ya weusi ndiyo balaa zaidi, kwa sababu wino ukisambaa kidogo tu unaumeza uzi. Na usiweke matini kwenye kijivu cha asilimia 70: mashine hukivunja kuwa vitone, uzi ukapotea. Tumia nyeusi tupu, asilimia 100, bila kuchanganya rangi nne.

Giambattista Bodoni, mchapaji wa Parma mwenye jina hilo, hakuwa na shida hii kwa sababu enzi zake kila saizi ilichongwa peke yake.

Kiswahili nacho kina mtihani wake. Chapa "umuhimu", "mwanamume" na "mmomonyoko" kwa pointi 10, kutoka mstari hadi mstari pointi 14. Fonti mbaya itakupa ua wa fito: mihimili imesimama, viungo vya m na u havionekani. Kisha chapa "ng'ombe" uangalie sikio la g, kile kijimkia chake cha juu kulia. Likigusana na kiapostrofi, sogeza kiapostrofi kwa sehemu 20 hadi 40 kati ya 1000 za saizi ya fonti.

Namba moja kwangu ni ITC Bodoni ya mwaka 1994, na sifichi upendeleo. Ina michoro mitatu inayojitegemea: Six, Twelve na Seventy-Two. Matini ya kitabu panga kwa Twelve, pointi 10.5 au 11. Tanbihi na maelezo ya picha kwa Six, yenye nyuzi nene na herufi pana. Jina la sura kwa Seventy-Two. Kona zake zimelainishwa kidogo, hazina ule ukali wa Bodoni nyingine zilizonyooshwa kama kwa rula.

Ya pili ni Freight ya mchoraji Joshua Darden, yenye michoro ya Micro, Text, Display na Big. Text si ya nyuzi nyembamba kabisa, na hilo ndilo linaloifanya ivumilie karatasi ya gazeti. Big ndiyo inayobeba urembo.

Ya tatu ni Didot ya mchoraji Jonathan Hoefler, iliyochorwa kwa ajili ya jarida la Harper's Bazaar. Ina michoro ya saizi saba, kuanzia pointi 6 hadi 96. Kwa jarida la karatasi ya kung'aa haina mpinzani; kwa riwaya ya kurasa 300 inachosha macho.

Za bure: chukua Bodoni Moda, mchoro wake hujirekebisha kulingana na saizi, kuanzia 6 hadi 96, ila hakikisha programu yako imewasha marekebisho hayo. Playfair Display na Cormorant ziishie kwenye vichwa vya habari.

Wauzaji sasa. Karibu kila tovuti inakuonyesha fonti kwa saizi ya bango, kwenye kioo kikali, kwa maneno mawili ya Kiingereza. Sampuli ya pointi 9 utaitafuta mpaka uchoke. Ukishakubali bei ya dola, unaambiwa hiyo ni leseni ya kompyuta tu: tovuti ina leseni yake, inayopimwa kwa idadi ya watazamaji, programu ya simu yake, kitabu cha kielektroniki yake. Mchoro wa maandishi madogo, ambao ndio unaouhitaji, mara nyingi unauzwa kama bidhaa nyingine. Na wale wanaouza fonti elfu tano kwenye flashi moja ndio wabaya zaidi: mitindo ya mlazo mara nyingi haimo, programu inaziinamisha herufi za wima kwa nguvu, na nyuzi zinazidi kukonda. Kabla ya kulipa popote, omba faili la majaribio, chapa ukurasa mmoja kwenye karatasi ile ile ya kitabu, kisha usome ule mstari wa leseni unaotaja vitabu vya kielektroniki.