Nilishonwa tumbo mara mbili, na "pole" sijaisikia hadi leo

Nilipanga kusifu tu. Daktari aliyenishona mara ya pili anastahili sifa zote. Ila kila nikianza kuandika, anakuja mbele yangu yule nesi wa zamu ya usiku.

Ilikuwa siku ya tano au ya sita baada ya upasuaji wa kwanza. Bandeji ikalowa ghafla. Si damu, si usaha, ni maji ya rangi ya waridi, mengi mpaka shuka likaloa. Akaja, akafunua kwa ncha ya kidole, akabandika gozi nyingine, kitambaa cha kufunika kidonda, juu ya ile iliyolowa. "Mzee, unalalamika sana. Kidonda lazima kitoe maji." Mke wangu akamwambia, "Dada, tafadhali muite daktari." Akajibu huku anaondoka: "Daktari haamshwi kwa maji."

Alfajiri nikakohoa. Nikasikia kitu kimeachia ndani, tap, kisha uvuguvugu ukanitambaa kiunoni. Utumbo ulikuwa nje, unang'aa. Nesi mwingine, kijana wa zamu ya asubuhi, akaufunika kwa vitambaa safi vilivyolowekwa maji ya chumvi, akanikunjisha magoti, akakataza mtu yeyote asiusukume ndani wala kunipa hata tone la maji. Huyo Mungu ambariki.

Baadaye daktari akanieleza: maji yale ya waridi ndiyo dalili yenyewe. Ngozi huweza kuwa bado imeshikana huku utando mgumu unaofunga misuli umeshaachia chini yake. Yaani ilijulikana! Na mtu akaifunika kwa gozi!

Kule thieta, chumba cha upasuaji, daktari alisafisha tumbo, akakata kingo zilizooza, akashona kwa nailoni nene akichukua nyama mbali na ukingo. Juu yake akapitisha nyuzi kubwa zilizovishwa vipira ili zisinikate ngozi. Vipira hivyo vilinitesa wiki tatu, nalala chali tu. Lakini mshono ulishika. Kwa kazi hiyo ningempeleka ndugu yangu kesho.

Hapana, nisiseme kesho. Juzijuzi kumeanza kutuna pembeni ya kovu nikisimama. Daktari anasema ni ngiri, huwapata wengi waliofumuka mshono. Simlaumu yeye. Alishona nyama iliyokwisha chanika, na huenda isingechanika vile kama angeamshwa usiku ule.

Yule nesi nilikutana naye koridoni siku ya kuruhusiwa. Akatazama tumbo langu lililofungwa mkanda, akatazama faili mkononi mwake, akapita.