Ruta ya nyumbani: acha kuhesabu antena, fungua ukurasa wa mipangilio

Malalamiko ya ruta yanayonifikia yanafanana: printa imegoma kuunganishwa, kamera haionekani, Wi-Fi inazorota kila jioni majirani wakisharudi. Mara nyingi mlalamikaji ameshanunua ruta nyingine yenye antena nyingi zaidi, na tatizo liko palepale.

Kasi nawaachia wauzaji. Mimi naangalia kama ruta inaniruhusu kuchagua chaneli (kipande cha masafa ambacho ruta inarushia mawimbi), kupunguza upana wake, na kuyapa masafa ya gigahezi 2.4 na 5 majina tofauti ya Wi-Fi. Printa na balbu za Wi-Fi nyingi zinaijua 2.4 tu, hivyo ruta inayolazimisha jina moja huleta ugomvi wakati wa kuziunganisha. Halafu kwenye 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu, 1, 6 na 11, tena kwa upana wa megahezi 20. Ruta ikijipangia 40, inamezana na ya jirani na nyote wawili mnaumia. Kwenye 5 balaa ni jingine: chaneli 52 hadi 144 zinatumiwa na rada pia, na ruta ikihisi rada inalazimika kuhama, nawe unakatika katikati ya mazungumzo. Iweke chaneli 36 kwa upana wa 80. Usiweke 160, maana kuanzia 36 upana huo unakurudisha kwenye eneo la rada.

Ya kwanza kwangu ni ASUS, na upendeleo wangu siufichi. Yote hayo unayapata kwenye brauza, hadi nguvu ya mawimbi ya kila masafa, na ya bei ya kati inatosha kabisa. Ya pili GL.iNet, kwa sababu imejengwa juu ya OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta: usichokiona kwenye ukurasa wa mbele utakikuta ndani. Ya tatu TP-Link Archer. Jina moja la masafa yote unaweza kulizima, chaneli unachagua mwenyewe. MikroTik inakupa hata usichokiomba, ila ukimnunulia mzazi wako jiandae kupigiwa simu usiku. Google Nest Wifi naiweka mkiani. Ina sura nzuri, lakini chaneli huchagui, na mipangilio yote iko kwenye programu ya simu.

Za bei ya chini kabisa: ukurasa wa chaneli ukiwepo, chukua.

Kinachonikera ni namba za kwenye boksi. AX3000 ni megabiti 574 kwa sekunde za masafa ya 2.4 kujumlisha 2402 za 5, kisha wakazungusha juu. Simu yako kwa kawaida inatumia masafa moja kwa wakati, kwa hiyo hiyo 3000 haitaiona hata ikae juu ya ruta, lakini bei inapangwa kwa 3000. Nilimwomba muuzaji mmoja anioneshe ukurasa wa mipangilio, akaanza kunihesabia antena.

Usimsubiri. Watengenezaji wengi huweka mwongozo wa matumizi kwenye tovuti zao. Upakue kabla hujalipa, utafute sehemu ya chaneli. Isipokuwemo, huenda hata kwenye ruta yenyewe hutaikuta.