Tembe la Livingstone, Kwihara: nilivyokwenda na binti yangu

Mimi ni mtu wa Dodoma, na tembe, nyumba ya udongo ya paa bapa, si jambo geni kwangu. Bibi yangu aliishi kwenye tembe hadi alipofariki, na masika ilipokolea sisi wajukuu tulipanda juu kuziba nyufa za paa kwa udongo. Ndiyo maana nilipofika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, sikukimbilia ndani. Niliweka kiganja ukutani kwanza. Mzee aliyetupokea akaniangalia, akasema, "Wewe Mgogo nini?" Tukaanzia hapo.

Safari yenyewe ni basi tu, Dodoma, Manyoni, Itigi mpaka Tabora. Tukalala mjini, asubuhi tukachukua bodaboda.

Wengi wanamjua David Livingstone kama msafiri na mmisionari. Mimi nilikwenda kwa ajili ya Livingstone mwandishi. Alifika Kwihara na Henry Stanley, mwanahabari aliyetumwa kumtafuta, tarehe 18 Februari 1872, wakitokea Ujiji. Machi 14 Stanley akaondoka na shajara ya Livingstone, imefungwa kwa lakiri, aipeleke Uingereza. Livingstone akabaki kungoja wapagazi kutoka Unguja, akangoja mpaka Agosti 25. Miezi mitano na zaidi, ndani ya kuta hizi, kalamu mkononi. Tembe lililopo sasa limejengwa upya, lakini ukisimama uani kukiwa kimya unaupata ule ungojaji.

Ndani kuna picha, ramani na nakala za maandishi. Binti yangu, yuko kidato cha pili, aliganda kwenye mwandiko wake. "Baba, karatasi alikuwa anapata wapi?" Nikamweleza kwamba mwaka 1871, akiwa Nyangwe huko Kongo, karatasi zilimwishia. Akachukua gazeti kuukuu la Kiingereza, akaandika kukatiza mistari iliyopigwa chapa, na wino akautengeneza kwa matunda ya porini. Binti akarudi tena kuutazama ule mwandiko, safari hii pua karibu iguse kioo.

Lakini kilichonigusa zaidi ni habari ya walioyaokoa maandishi hayo. Livingstone alifariki mwaka 1873 kijijini kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba pamoja na karatasi zake. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alijua kusoma na kuandika, naye ndiye aliyechonga maneno kwenye ule mti. Alikuwa miongoni mwa watu 57 walioletwa Kwihara Agosti ile ya 1872. Oktoba 1873 msafara ukapita tena huku Unyanyembe, eneo hili la Tabora. Msafiri Mwingereza, Cameron, akawashauri wamzike hapa hapa, wakakataa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, kwa miguu! Baadaye Susi na Chuma walikwenda Uingereza kumsaidia mhariri kuyapanga maandishi ya mwisho, yakatoka kitabu mwaka huo huo wa 1874. Kwangu mimi hao ni watu wa kitabu kile sawasawa na aliyeshika kalamu. Bila mabega yao tusingekuwa na shajara ya miezi yake ya mwisho.

Ushauri wangu: nenda asubuhi, beba maji, usiwe na haraka, na muulize mwenyeji maswali, kwa sababu mengi yako kinywani mwake. Ukienda na watoto, wasimulie habari za Susi na Chuma mkiwa bado njiani. Walimu wa Kiswahili na historia wa Dodoma na Singida, kwenu hii ni safari ya wikiendi moja.

Tulipotoka binti aliketi chini ya mwembe, akafungua daftari, akaandika majina matatu: Susi, Chuma, Jacob. Akamuuliza mzee kama la Chuma ameliandika sawa. Mzee akalisoma kwa sauti, akamwambia, "Sawa kabisa, mwanangu."