Mwaka na ushee kwenye apatimenti ya "kila kitu ndani", Kijitonyama

Kabla ya hapa nilikaa Sinza, nyumba ya wapangaji watano na LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Aliyewahi kuishi hivyo anajua. Umeme ukikata tunakutana koridoni: huyu anagandisha barafu za kuuza, yule anapiga pasi kila asubuhi, mwingine ana taa mbili tu na hataki kuchangia sawa na wenye friji. Tumewahi kukaa gizani siku mbili kwa sababu ya elfu tano ya mtu mmoja. Kwa hiyo dalali aliponiambia kuna chumba na sebule, jiko na choo ndani, 550,000 kwa mwezi "kila kitu ndani", sikuuliza mara mbili. Nililipa miezi sita na mwezi mmoja wa dalali, nikahamia Oktoba.

Ni apatimenti tatu kwenye uzio mmoja, kila moja na mita yake. Mkataba uliandika mstari mmoja tu: kodi inajumuisha umeme, maji, taka na ulinzi. Kiasi gani, haukusema.

Januari joto likapanda, nikawa nalala na AC. Mwisho wa mwezi mama mwenye nyumba akaniita barazani, simu mkononi, akanionyesha meseji za LUKU moja baada ya nyingine. "Mwanangu, umeme wako peke yako umewapita wenzako wawili." Tulipiga hesabu pale pale. AC ndogo inakula kama uniti 6 kwa usiku mzima, mwezi ni uniti 180. Kwa shilingi 356 kila uniti, hiyo ni zaidi ya 64,000, bado friji na birika. Yeye alipopanga kodi alinikadiria 40,000 kwa umeme wote. Ile bei nafuu ya majumbani ni ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, na mwenye AC hawezi kubaki humo. Nilimwelewa kabisa. Lakini na mimi nilikuwa natumia kitu nilichokwisha kukilipia. Tukakubaliana uniti 110 ziwe zake, zikizidi ni zangu. Makubaliano haya yangekuwepo Oktoba, tusingeoneana aibu.

Jambo lililonisumbua zaidi ni hili: tokeni zote ananunua yeye. Jumamosi moja, tarehe mosi, saa nne usiku, nyumba ikawa giza. Yeye yuko msibani Same, simu haipatikani, na jikoni nina samaki wa wiki nzima kwenye friza. Nikasogea kwenye mita na tochi ya simu, nikanakili namba, nikanunua ya 10,000. Zikaja uniti 23 na ushee, kwa sababu kodi ya jengo ya serikali, 1,500, ilikatwa humo humo. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, wala si ya mpangaji. Aliporudi nilimwonyesha risiti, akanirudishia yote kwa simu bila neno. Tangu siku hiyo namba ya mita ninayo, na nawashauri mnaohamia nyumba za aina hii muiombe siku mnapopewa funguo.

Kwenye maji sina la kulalamika hata kidogo. Mgao ulipobana wiki nzima, mama aliita boza likajaza tangi, akalipa yeye. Jirani wa ng'ambo ya uzio, anayejilipia mwenyewe, alikuwa anabeba madumu. Gari la taka linapita, mlinzi yupo usiku. Intaneti haimo, unajitegemea.

Kama ni nafuu? Jirani huyo analipa 450,000. Juni mpaka Agosti, AC imezimwa, sikufika hata uniti 60, yaani kama 21,000, kwa hiyo miezi ile nilimlipa mama zaidi ya nilichotumia. Joto likirudi, na boza likiitwa, nafuu inarudi kwangu. Ila kwangu mimi niliyetoka Sinza, kulala bila kugongewa mlango kwa ajili ya mchango wa umeme kuna thamani yake, na nailipa kwa moyo mmoja.

Oktoba hii nimeongeza miezi sita mingine. Safari hii mkataba una uniti 110, boza na kodi ya jengo, kwa mwandiko wa mama mwenyewe, na sote wawili tumeweka sahihi pembeni.