TAHADHARI: Muuza mbegu za nyasi na mboga "za Ulaya", katoka Mtwara sasa yuko Lindi

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hasa mnaoandaa bustani za nyumbani kusubiri mvua: kuna jamaa anapita nyumba kwa nyumba na begi la mbegu kutoka nchi za baridi. Alianzia Shangani, akaingia Ligula, na sasa watu wa Lindi mjini wanasema wamemwona. Nusu kilo ya mbegu za nyasi anauza elfu 45. Hatoi risiti, pesa unatuma kwenye namba yenye jina lisilo lake.

Maneno yake ni haya: "Mbegu inayovumilia theluji itashindwaje na jua la Mtwara?" Itashindwa, tena vibaya. Nyasi kama Kentucky bluegrass na rye hustawi kwenye nyuzi joto 15 hadi 24 hivi. Huku kwetu Novemba na Desemba mchana unagusa 30, na usiku joto halishuki kivile.

Kinachowaponza watu ni kwamba mbegu zake zinaota. Anatembea na trei iliyochipua kijani kibichi, anakuonyesha, unalainika. Rye ikipata maji huchipua ndani ya siku 5 hadi 10, kwa hiyo trei ile haithibitishi chochote. Joto likikaza nyasi zinapauka, zinakufa kwa mabaka, na wakati huo namba yake haipatikani tena. Mama mmoja jirani yangu alimwaga mbegu hizo uwanja mzima wa mbele. Kilichobaki ni mchanga na ukoka uliojiotea wenyewe, na kusema kweli ukoka huo unapendeza.

Vitunguu ndiyo wizi mtupu. Pakiti niliyoishika ni ya aina ya mchana mrefu, ile inayofunga kitunguu pale tu mwanga wa siku unapofika saa 14 au zaidi, kama kiangazi cha kaskazini mwa Ulaya. Mtwara mchana mrefu kuliko yote, mwezi Desemba, haufiki hata saa 13. Utamwagilia, utapalilia, utaweka samadi, na utavuna majani. Bwana shamba hawezi kukusaidia hapo, maana tatizo ni jua lenyewe.

Ana na mbolea ya "kuandaa nyasi kwa majira ya baridi". Baridi ipi, ya Newala?

Pakiti zake zote hazina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na kuuza mbegu kiholela namna hiyo ni kinyume cha Sheria ya Mbegu ya 2003. Ukitaka nyasi, tafuta vipando vya paspalamu au nyasi za Pemba. Zinapandikizwa, na joto la pwani zimelizoea. Vitunguu, chukua Red Bombay kwenye duka la pembejeo lenye risiti. Bamia, mchicha na matembele havihitaji mbegu ya kutoka mbali. Mwenye shaka aulize kwa afisa ugani wa kata yake kabla ya kutoa hata mia.

Waliokwisha kununua, msitupe pakiti wala kufuta meseji za malipo. Pelekeni polisi pamoja, maana mmoja mmoja mtaambiwa ni biashara imeharibika tu. Na wa Lindi, akigonga geti leo, mwombeni kwanza lebo, halafu mpigeni picha begi lake.